Neno lisitengane na maana yake: arei za safuwima nyingi katika PostgreSQL

Kwa kazi yangu ya kumaliza mzunguko nilikusanya maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi. Niliyatia katika hifadhidata ya PostgreSQL, kwenye jedwali liitwalo maneno, lenye safuwima tatu: neno, sanifu na idadi, yaani mara ngapi nililisikia.

Nilitaka kuyaweka yote katika kigeu, kisha kuyapitia moja moja. Kigeu cha kawaida hubeba thamani moja. Arei hubeba nyingi, kila moja na namba yake, kuanzia 1. Basi nikatumia arei mbili na maswali mawili, kila safuwima nikaipanga kialfabeti peke yake.

Arei ya kwanza ikawa: batu, mayi, muke. Ya pili: maji, mke, watu. Kwa hiyo batu ikawa maji, na muke ikawa watu! Mashine haikulalamika hata kidogo. Kama ningempa mwalimu orodha ile, ningewasingizia wazee walionikubalia kurekodi sauti zao.

Arei ya pande mbili nayo haikufaa, kwa sababu vipengele vyote vya arei lazima viwe vya aina moja, na idadi ni namba, si maandishi.

Dawa ni hii: kila jedwali katika PostgreSQL huzaa aina yenye jina lilelile. Tunaweza basi kutengeneza arei ambayo kila kipengele chake ni mstari mzima:

DECLARE
  orodha maneno[];
  kila maneno;
BEGIN
  SELECT array_agg(m ORDER BY m.neno)
  INTO orodha FROM maneno m;
  FOREACH kila IN ARRAY orodha LOOP
    RAISE NOTICE '% = % (%)', kila.neno, kila.sanifu, kila.idadi;
  END LOOP;
END

Hapa array_agg hukusanya mistari, na ORDER BY huihamisha mizima mizima. Batu anakwenda na watu wake.

Tahadhari moja: jedwali likiwa tupu, array_agg hairudishi arei tupu, hurudisha NULL, na FOREACH itakataa kwa kosa. Tanguliza IF orodha IS NOT NULL.

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba neno bila maana yake ni sauti tu. Tusiyatenganishe hayo mawili ndani ya mashine.