Nyuki Wasiouma (Sehemu ya Pili): Vyungu vya Asali na Shoka la Mrina

Wiki iliyopita tuliishia mlangoni, kwenye kile kijibomba cha nta na ulimbo kinachochomoza katika shina la mti au ufa wa ukuta. Leo tuingie ndani.

Anayetarajia masega ya asali hatayakuta. Nyuki wadogo, yaani hawa wasiouma, huweka asali katika vyungu vya mviringo vilivyobanana kama zabibu, rangi yake kahawia au nyeusi. Nyuki wakubwa, wale wanaodunga, hutoa nta chini ya tumbo. Wadogo huitoa upande wa mgongo, wakaichanganya na ulimbo waliobeba miguuni kutoka mitini. Vyungu vingine ni vya asali, vingine vya chavua, na kwa kawaida vyote hukaa pembeni. Katikati ni makao ya majana. Kila kijumba cha jana hujazwa chakula kwanza, malkia akataga yai juu yake, kisha kikazibwa. Mtoto hukulia humo peke yake hadi atoke akiwa nyuki kamili.

Asali yenyewe huanza na mbochi wa maua. Nyuki huufyonza, huubeba katika kifuko kilicho tumboni, na vimeng'enya vyake huanza kuvunja sukari njiani. Nyumbani wenzake huupokea mdomo kwa mdomo, wakautoa tone kwa tone ili maji yapungue. Lakini hayapungui sana. Asali ya nyuki wakubwa iliyoiva vizuri huwa na maji yasiyofika asilimia 20. Ya nyuki wadogo mara nyingi huwa na asilimia 25 hadi 35. Kwa maji hayo huchachuka polepole chunguni, huku ulimbo ukiitia harufu yake. Ndiyo sababu ni nyepesi, tamu yenye uchachu. Mnunuzi asiyeizoea hudhani imetiwa maji, na wauzaji wengi waaminifu wameonewa kwa hilo.

Sasa kurina. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hupigilia vigingi katika mibuyu wapande kufuata nyuki wanaodunga, wakiwa na moshi mkononi. Kwa nyuki wadogo kazi ni nyingine. Mrina hutafuta kile kijibomba, akapasua shina kwa shoka na kuchokoa vyungu kwa mkono au kijiti. Moshi si lazima. Nyuki watamwingia nyweleni na machoni, watamng'ata, basi. Hata wanawake na watoto huifanya kazi hii. Wapo pia nyuki wadogo wanaojenga ndani ya vichuguu, na hao hufuatwa kwa kuchimba.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alishike. Nyuki wakubwa wakibomolewa nyumba wanaweza kuhama pamoja na malkia wao. Malkia wa nyuki wadogo hawezi: tumbo lake limejaa mayai, haruki tena. Akiachwa katika gogo lililopasuliwa wazi, kundi lote hufa. Na kundi jipya halizaliwi kwa siku moja, kwani nyuki vibarua huanza kubeba nta na chakula kutoka kiota cha mama kabla malkia kijana hajahamia, na huweza kuendelea kwa majuma mengi. Chupa moja ya asali yaweza kugharimu kiota kilichodumu miaka.

Wamaya wa rasi ya Yucatán, nchini Meksiko, walilitatua hili karne nyingi zilizopita. Huwafuga nyuki wao katika gogo lenye uwazi, lililolazwa na kuzibwa ncha zote mbili kwa vifuniko. Majana hukaa katikati, vyungu vya asali kwenye ncha. Mrina hufungua kifuniko, hutoboa vyungu, na asali huchuruzika chomboni bila malkia kuguswa.

Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo hata kwa gogo lililotoka porini. Kata tundu upande wa vyungu tu, bakiza vingine vikiwa vimejaa, rudisha kipande cha mti mahali pake, kisha ziba kwa udongo siku hiyohiyo, kabla harufu ya asali iliyomwagika haijawaita sisimizi.