Mtoto Aliyeishi Saa Sita

Mwezi uliopita, nikiwa mgeni Nairobi, niliitwa Makina, Kibera, kumswalia mtoto aliyeishi saa sita. Kwa kuwa alilia alipozaliwa, alistahiki haki zake zote: akapewa jina, akaoshwa, akakafiniwa. Tukiwa twasubiri, nikasikia akina mama wakinong'ona kwamba mamake alibeba ndoo za maji hadi mwezi wa nane. Mwingine akataja jicho. Binti yule, ambaye hata kuketi hakuweza, aliyasikia yote.

Cheti cha hospitali kilitaja ngiri ya kiwambo. Baina ya kifua na tumbo Mwenyezi Mungu ameweka kiwambo cha msuli kinachotusaidia kuvuta pumzi. Kwa kawaida hufungika mimba ikikaribia wiki 10. Kisipofungika, mara nyingi upande wa kushoto, utumbo hupanda kifuani, moyo ukasukumwa kulia, na mapafu yakakosa nafasi ya kukua. Huwapata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000. Ndoo za mwezi wa nane zina hatia gani, ilhali tundu lilikuwapo miezi mitano kabla?

Katika nchi zenye uwezo, watoto kama saba katika kumi huishi. Kwetu huishi wachache zaidi, wala si kwamba madaktari wetu hawajui kushona. Zamani upasuaji uliharakishwa. Siku hizi mapafu hutulizwa kwanza kwa mashine ya kupumulia, pengine kwa siku kadhaa, ndipo viungo virudishwe mahali pake na tundu lizibwe. Basi kisu pekee hakimwokoi. Yahitajika mashine, kitanda, na wauguzi waliojua mapema kuwa anakuja.

Kibera na Kawangware mna vituo vingi vidogo vya kuzalishia, na wakunga wenye huruma. Lakini mtoto huyu akipewa hewa kwa mfuko na barakoa, kama wafanyiwavyo wengine, hewa huingia tumboni, utumbo ukafura ndani ya kifua na kuyabana mapafu zaidi. Tumbo lililobonyea na kifua kilichojaa ni dalili za kumkimbiza. Kwa ramani, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko karibu na Kibera, na kutoka Kawangware si safari ya kutwa. Kwa asiyepata pumzi, ni mbali mno.

Ndiyo maana ni heri kujua mapema. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Si kila mara ngiri hii huonekana, lakini ikionekana mama huweza kupangiwa kujifungua penye mashine. Waume, hapa nasema nanyi. Nimewaona wanaokopa kwa ajili ya akika, ambayo ni sunna, na hawa hawa husema picha hiyo ni anasa. Mimi naihesabu katika matunzo ya mke.

Baada ya maziko niliomba wale akina mama wakusanywe, nikawaeleza haya. Bibi mmoja alinyamaza kitambo. Kisha akasema naye alizika mtoto aliyegeuka buluu siku aliyozaliwa, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na hadi siku ile aliamini ni kwa sababu alifua nguo usiku.