Farasi Ndiye Mpanda Magugu

Kila Julai, malisho mengi ya Uingereza hutapakaa maua ya manjano ambayo mfuga farasi hapendi kuyaona. Ni maua ya ragwoti, mmea wenye sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Sumu hizo hula ini la farasi polepole. Dalili zinapojitokeza, mara nyingi ini limekwisha kuharibika kiasi cha kutotibika. Tangu mwaka 1959 sheria inairuhusu serikali kumwamuru mwenye ardhi auzuie mmea huu usienee, na mwaka 2003 ragwoti ikatungiwa sheria yake peke yake.

Wengi hukimbilia dawa ya kuua magugu. Lakini mbegu ya ragwoti huhitaji mwanga na udongo ulio wazi, na nyasi zilizosongamana huinyima vyote viwili. Anayeifungulia njia ni farasi mwenyewe. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, hivyo huviringisha ulimi, huvuta tonge la nyasi na kuacha mashina. Farasi anayo juu na chini, kwa hiyo hukata karibu kabisa na ardhi. Tena huchagua: hurudia palepale penye machipukizi matamu mpaka pawe kipara, na hukwepa pale anapojisaidia, magugu yakastawi bila kuguswa. Kwato humalizia kazi, hasa kwenye tope la langoni na kando ya birika la maji.

Kwa hiyo tiba huanzia kwenye nyasi. Malisho yagawanywe vitalu kwa uzio wa umeme. Nyasi zikishuka hadi sentimita 7 hivi, farasi wahamishwe, wasirudi mpaka zifike 15 au zaidi. Kinyesi kiokotwe, na vipara vipandwe nyasi kabla magugu hayajawahi. Ng'ombe wakifuatia nyuma hula nyasi ndefu alizozisusa farasi, na humeza pia mabuu ya minyoo ya farasi, ambayo mengi hayawezi kuishi tumboni mwao.

Ragwoti iliyokwisha kuota hung'olewa. Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini. Wa pili huinua shina, huchanua, humwaga mbegu kwa maelfu na kwa kawaida hufa. Ing'olewe kabla ya kutoa mbegu, udongo ukiwa na unyevu, kwa glavu na uma wa shambani, maana kipande cha mzizi kikibaki huchipua upya. Kufyeka tu hakutoshi: mmea uliokatwa mapema huweza kurudi mwaka unaofuata. Isiachwe shambani pia. Ikiwa mbichi ni chungu, na farasi mwenye chakula cha kutosha huiepuka. Ikikauka uchungu hupungua, sumu ikabaki. Ndiyo maana ragwoti iliyochanganyika na nyasi kavu za akiba ni hatari zaidi.

Wadudu nao husaidia. Jimbo la Oregon, Marekani, lilileta nondo ambaye viwavi wake wenye milia ya manjano na myeusi hula majani na maua, kisha mbawakawa mdogo ambaye mabuu yake hutoboa mizizi. Ragwoti ilipungua sana upande wa magharibi wa jimbo. Majaribio ya Peter McEvoy wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon yalionyesha sharti moja: mbawakawa waliangamiza mimea iliyoota, lakini kilichozuia mbegu zilizolala udongoni zisichukue nafasi yake ni mimea mingine iliyofunika ardhi. Mfugaji anayekagua malisho yake na ahesabu vipara kwanza, maua baadaye.