Wahungaria Saba Katika Michezo ya Athene

Je, taifa lenye wachezaji wachache laweza kupata heshima mbele ya mataifa makubwa? Wasomaji wapenzi, sikieni habari za vijana wa Hungaria waliokwenda Athene, mji mkuu wa Ugiriki, katika mwaka 1896.

Michezo ya Olimpiki ya watu wa kale ilikuwa imekoma tangu karne nyingi. Mfaransa mmoja, Pierre de Coubertin, alijitahidi sana ifufuliwe, na tarehe 6 Aprili 1896 ikafunguliwa tena. Wagiriki walikuwa wengi kupita wageni wote. Wahungaria walikuwa saba tu. Siku zile nchi yao na Austria zilikuwa chini ya mfalme mmoja, lakini wao walishindana kwa jina la nchi yao wenyewe.

Mmoja wao aliitwa Alfréd Hajós, mwenye miaka 18, mwanafunzi wa kuchora ramani za majumba mjini Budapest. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arnold Guttmann. Hajós, ni kusema baharia, ni jina alilojichagulia. Alipokuwa na miaka 13, baba yake alikufa maji katika mto Danube. Mtoto mwingine angaliyachukia maji tangu siku ile. Yeye alikata shauri kujua kuogelea vizuri kabisa.

Tarehe 11 Aprili waogeleaji walipelekwa baharini karibu na Piraeus. Hapakuwa na bwawa. Maji yalikuwa baridi sana, na mawimbi yaliwapiga. Hajós alishinda mita 100 kwa dakika 1 na nukta 22. Siku ileile akaingia tena katika shindano la mita 1200. Alijipaka mafuta mazito mwili mzima, kusudi baridi isimshike. Mashua ziliwachukua washindani mbali baharini, wakaachwa waogelee kurudi pwani. Baadaye alikiri kwamba katikati ya safari ile hakufikiri tena habari ya kushinda, bali kuokoa maisha yake tu. Hata hivyo alifika wa kwanza, akimtangulia wa pili kwa dakika 2 na zaidi.

Wenzake nao hawakulala. Nándor Dáni alikuwa wa pili katika mbio za mita 800. Gyula Kellner alikimbia marathoni, mbio za kilometa 40 hivi, akawa mgeni pekee aliyefika mwisho. Aliandikwa wa nne. Lakini kumbe, Mgiriki aliyefika wa tatu alikuwa amepanda gari la farasi katika sehemu ya njia! Kellner alishtaki, shauri likachunguzwa, na nafasi ya tatu akapewa yeye. Tena Szokolyi katika mbio za mita 100, na Tapavicza katika tenisi, walihesabiwa wa tatu. Basi katika watu saba, watano walipata heshima.

Hajós aliporudi Budapest, husimuliwa kwamba mkubwa wa chuo chake hakumsifu hata kidogo. Alimwambia kwamba medali zake hazimhusu. Yeye anangoja kusikia majibu yake katika mtihani. Neno hilo lilikuwa gumu, lakini kijana hakuacha masomo. Akawa mjenzi mwenye sifa. Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, yalikuwako pia mashindano ya sanaa. Yeye na mwenzake Dezső Lauber walipata medali ya fedha kwa ramani ya kiwanja cha michezo.

Hajós alifariki mwaka 1955. Mjini Budapest lipo bado bwawa la kuogelea alilolichora mwenyewe, nalo linaitwa kwa jina lake. Yeye aliogelea katika bahari ya baridi na hatari. Watoto wa nchi yake aliwaachia mahali pema pa kujifunzia.