Kamera Nyembamba Yaingizwa Kwenye Mirija ya Maziwa Kutafuta Chanzo cha Damu

Mwanamke asiyenyonyesha anapoona damu ikitoka kwenye chuchu, jambo la kwanza analolifikiria ni saratani. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, ingawa mara nyingi chanzo huwa ni papiloma, yaani kinyama kidogo kisicho saratani kilichoota ndani ya mrija wa maziwa. Kwa udogo wake, kinyama hicho huweza kutoonekana katika mamogramu, hata katika altrasaundi. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari walilazimika kuondoa mrija husika, au mirija yote iliyo nyuma ya chuchu, ndipo maabara ibainishe kilichokuwemo. Mirija yote ikiondolewa, titi hilo halinyonyeshi tena. Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, hiyo ni gharama kubwa kwa ugonjwa ambao huenda haukuwa wa hatari.

Uchunguzi uitwao daktoskopia umekusudiwa kupunguza upasuaji wa namna hiyo. Madaktari wa Japani walichapisha maelezo yake mwaka 1991, na vifaa vinavyotumika sasa vina kipenyo cha takriban milimita 1. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, akabaki macho. Daktari huminya titi taratibu ili kulitambua tundu linalotoa majimaji, hulipanua kwa vijiti vyembamba, kisha huingiza kamera huku maji ya chumvi yakiutanua mrija. Ndani yake huonekana kwenye skrini. Huko Utrecht, Uholanzi, wataalamu wameitumia njia hiyo pia kwa tiba: kikapu kidogo cha waya hupitishwa kando ya kamera, hukinasa kinyama na kukitoa.

Hata hivyo, kamera haifiki kwenye matawi membamba ya mirija. Kutoonekana kitu hakumaanishi kwamba saratani haipo, na daktari anaweza bado kuagiza upasuaji.

Majimaji yanayohitaji uchunguzi wa haraka ni yale yanayotoka yenyewe, kwenye tundu moja la titi moja, yakiwa na damu au maangavu kama maji. Mwanamume mwenye dalili hiyo naye afike hospitali. Wapo wanaoiminya chuchu kila siku ili kuhakikisha kama yamekoma. Kufanya hivyo huyachochea yaendelee kutoka.