Ganzi ni Haki ya Mgonjwa wa Keloidi

Katika nyanda za juu kama Timboroa, ambako kituo cha reli kilijengwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ustahimilivu huhesabiwa kuwa sifa njema. Walakini, upo uvumilivu usio na faida. Mfano ni ule anaodaiwa mgonjwa wa keloidi, yaani kovu linalonenepa na kuvuka mipaka ya jeraha lililolizaa.

Kovu hilo aghalabu huwapata vijana wa miaka kati ya 10 na 30, na watu weusi kuliko weupe. Huchipuka kwenye ndewe iliyotogwa, kifuani, begani au tayani. Kulikata tu hakutoshi, kwani mara nyingi hurejea, pengine likiwa kubwa kuliko la awali. Ndiyo sababu madaktari hudunga ndani yake dawa ya triamsinoloni, ambayo hulilainisha na kulipunguza. Sindano hizo hurudiwa kila baada ya majuma manne hadi sita, kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo penye tatizo. Nyama ya keloidi ni ngumu na imeshikamana. Dawa haipenyi ila kwa kusukumwa kwa nguvu, na uchungu wake ni mkali. Mwanafunzi aliyedungwa mara moja bila ganzi huweza kuapa kutorejea. Tiba ikikatika, kovu huendelea kukua, naye huitwa mwoga.

Kwa maoni yangu, lawama hiyo si ya haki. Dawa ya ganzi iitwayo lignokaini ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943, na ndiyo itumiwayo na madaktari wa meno. Yaweza kuchanganywa na triamsinoloni, au kudungwa kwanza kandokando ya kovu, polepole, kwa sindano nyembamba. Ipo pia ganzi ya kupaka, inayohitaji takribani saa moja kabla ya kufanya kazi. Ni kweli kwamba sindano ya ganzi nayo huuma kidogo, na kipimo chake sharti kilingane na uzito wa mgonjwa. Lakini hayo huyajua mhudumu aliyefunzwa, wala si sababu ya kumnyima mtu nafuu.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Walimu wawaase wanafunzi wasilifiche kovu chini ya leso wala wasilipeleke kwa mwenye wembe. Wafikapo hospitalini, iwe ya karibu au ile ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, waulize bila haya: "Daktari, je, kuna ganzi?" Anayeuliza hivyo ndiye atakayerudi kwa sindano ya pili, na ya tatu, hadi kovu linywee.