Utabiri wa Maradhi na Hesabu za Gikomba

Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wagonjwa wa korona waliothibitishwa nchini Kenya hawakuwa wametimia mia moja, Dakta Patrick Amoth, kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, alitangaza makadirio ya Wizara: huenda wagonjwa wakafika 1,000 mapema Aprili, 5,000 katikati ya mwezi, na 10,000 mwezi utakapokwisha. Aprili ikapita, na jumla iliyotangazwa siku yake ya mwisho ilikuwa 396. Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, ambako mtu hafungui robota la mitumba kabla ya kupiga hesabu ya mtaji, nauli na kodi ya kibanda, tofauti hiyo haikupita bila kuonekana. Na kwa kuwa kafyu iliyowekwa kuzuia maradhi iliendelea ilhali elfu kumi hawakuonekana, wengi walikata shauri kwamba ama maradhi yenyewe ni uzushi, ama wakubwa wanayo faida yao humo.

Ghadhabu ile ilikuwa na sababu zake, nami nitazieleza, lakini hoja iliyojengwa juu yake haikusimama. Makadirio ya maradhi ya kuambukiza hufungwa kwa sharti, nalo ni kwamba watu wakiendelea kukutana kama wakutanavyo leo, hali itakuwa hivi. Tuseme kila mgonjwa anaambukiza watu wawili, na kila mmoja wao anaambukiza wawili wengine: baada ya mizunguko kumi, mzunguko wa mwisho peke yake utakuwa na watu 1,024. Lakini mikutano ya watu ikipungua hata wagonjwa kumi wakawa wanaambukiza kumi na mmoja tu, katika mzunguko huo huo wa kumi mgonjwa yule wa kwanza atakuwa na warithi wasiotimia watatu. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na kutoka na kuingia Nairobi kukazuiwa tarehe 6 Aprili. Kwa hiyo sharti lenyewe lilivunjwa kwa makusudi. Kwa bahati mbaya redioni ilifika nambari, na sharti likabaki ofisini.

Tena wagonjwa 396 walikuwa ni wale waliopimwa wakaonekana, na vipimo vilikuwa adimu. Watafiti wa KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) na Wellcome Trust walio Kilifi walitafuta njia nyingine: walichukua damu iliyotolewa na wachangiaji 3,098 baina ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta humo chembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuambukizwa. Walikadiria kwamba watu 4 na ushei katika kila mia nchini walikwisha kupatwa na virusi, na Nairobi 7 katika mia, wakati hesabu rasmi ya taifa zima ilikuwa wagonjwa elfu mbili na kitu. Basi waliomcheka Dakta Amoth kwa kutia chumvi walikuwa wanaishi katika mji ambao maambukizi yake yalikuwa yameipita hesabu yake mara nyingi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Nairobi Novemba mwaka huo ulikuta takriban theluthi ya watu wana chembe hizo. Wengi hawakuhisi kitu, na hapana ajabu, maana takriban nusu ya Wakenya hawajatimiza miaka 20, na maradhi haya huwaua zaidi wazee.

Hata hivyo wafanya biashara wa Gikomba walikuwa na haki ya kunung'unika. Uingizaji wa mitumba ulipigwa marufuku hadi Agosti 2020, kwa hofu kwamba nguo zingebeba virusi. Ilhali majaribio ya maabara yaliyochapishwa Machi ya mwaka huo yalionyesha kwamba virusi hivyo hudumu siku mbili tatu juu ya plastiki, na juu ya katoni havizidi siku moja, na meli ya mitumba hukaa baharini wiki kadhaa kabla ya kutia nanga Mombasa. Kafyu nayo, iliyoanza saa moja jioni na kwisha saa kumi na moja alfajiri, iliwanyang'anya saa zile za giza ambapo marobota hufunguliwa na wachuuzi wakagombania kamera, yaani nguo bora za kuchaguliwa mwanzo. Jioni ilikuwa mbaya zaidi: matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, na umati uliokuwa ukitawanyika kwa saa nne tano ukasongamana kwa saa mbili katika vituo vya Muthurwa, kifua kwa kifua, barakoa zikiwa kidevuni. Amri iliyokusudiwa kuwatenga watu ikawakusanya. Aliyechelewa alikutana na rungu. Na usiku wa tarehe 30 Machi, huko Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa ukali wa polisi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wapiga hesabu wa maradhi wenyewe walikuja kuyakubali haya katika hesabu zao. Mwaka 2021 watafiti walichapisha maelezo ya mawimbi ya Kenya ambayo yaliwagawa watu wa mijini mafungu mawili kwa hali ya maisha: wale walioweza kukaa nyumbani, na wale ambao siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Wimbi la kwanza, wakaona, liliwapitia zaidi watu wa fungu la pili, wa mitaa ya namna ya Gikomba na Majengo. La pili likaja wenye nafasi walipoanza kutoka. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Miezi miwili baadaye kirusi cha Omicron kiliingia, na maambukizi ya kila siku yakapanda kuliko wakati wowote kabla yake, lakini kwa kuwa wengi walikwisha kupata kinga, ama kwa chanjo ama kwa kuugua bila kujua, hospitali hazikuelemewa kama katika mawimbi ya nyuma, na kafyu haikurudishwa.